Proserpina Barazani

Bwana Galvano alivua shati mwenyewe, bila kuombwa. Alilivuta kichwani, akalitupa juu ya meza ya rangi, akasimama katikati ya karakana mikono kiunoni, kitambi kimemwagika juu ya mkanda, akingoja kusifiwa.

"Haya, fundi," alisema. "Mungu wa kuzimu huyu hapa. Nichore."

Ortensia hakuwa amemwambia avue kitu. Alikuwa amemwita aje akae kitini amchore uso, basi. Sasa harufu yake ilimfikia kabla hajasogea: manukato ya zabadi ya bei mbaya yaliyopakwa juu ya jasho la juzi, na chini ya zabadi kulikuwa na utamu fulani uliooza, uliotoka kwenye bandeji ya mguu wake wa kushoto. Bwana alikuwa na kidonda kisichopona. Mbwa wake mdogo mweupe alikuwa amekaa chini akiilamba ile bandeji, na mwenyewe akimtazama kwa mapenzi.

"Ananitibu huyu," alisema. "Kuliko madaktari wote wa Bolonya."

 Mwili wa mtu haukuwa ukimtia Ortensia kinyaa. Alikuwa amechora wenye majipu, vikongwe wasio na jino, hata maiti wa hospitali pale alipohitaji mtakatifu aliyekufa vizuri. Kinyaa cha leo kilikuwa kingine. Kilipanda kila mtu huyu alipofungua mdomo.

Galvano Sampolesi alikuwa na nyumba kubwa kuliko zote mtaani, wake wawili kaburini na wa tatu njiani. Huyo wa tatu aliitwa Violante, binti wa miaka ishirini na miwili wa mjane mmoja, Bi Laudomia. Alikuwa amelelewa na masista na hakutaka kuwa sista. Angevishwa pete Jumapili ya kwanza baada ya sikukuu ya Mwili wa Bwana. Na bwana harusi alitaka picha kubwa ya kuning'iniza mbele ya kitanda, mahali ambapo mke hawezi kufumbua macho asiione: Pluto, mungu wa kuzimu, akimpora Proserpina alipokuwa akichuma maua, amtie garini ampeleke chini gizani kwa nguvu. Pluto awe na sura ya Galvano, Proserpina awe na sura ya Violante.

"Nataka kila akiamka aione," alieleza, huku akijikuna kifua. "Azoee."

"Azoee nini, bwana?"

"Kwamba limeshatokea. Analia, sawa, acha alie. Lakini mwisho wake alikuwa malkia, au sivyo? Hilo ninyi wachoraji hamlisemi. Alikuwa malkia!" Akainama kidogo, kana kwamba anamnong'oneza rafiki. "Wa kwanza alilia mwaka mzima, fundi. Wa pili sikumpa nafasi."

Akacheka, na Ortensia akaona meno yake, mawili meusi na moja limevunjika, na ulimi mnene wenye utando. Akainamia karatasi. Alichora sikio, kwa kuwa sikio lilikuwa mbali na mdomo.

"Ila amevaa nguo," alisema bila kuinua kichwa.

"Nani?"

"Proserpina. Nitamvisha."

"Mungu wangu, kwa nini? Nani amewahi kuona Proserpina aliyevaa nguo?"

"Mwaka huu ni zamu ya parokia yetu, bwana. Padri atapita kila nyumba kukagua. Picha ya uchi haitaruhusiwa barazani."

Galvano aliacha kujikuna. Ortensia alijua amemgusa pale pale. Kila parokia ya Bolonya hupata zamu yake ya kuipamba njia ya maandamano ya Mwili wa Bwana mara moja katika miaka kumi, na ikifika, watu huingiwa na wazimu. Hariri huteremshwa kutoka madirishani, matao ya baraza hufungwa maua, na kila mwenye picha nzuri huitoa chumbani akaitundika nje kwenye baraza yake, ili jirani aione aumwe na tumbo. Bwana Galvano alikuwa na jirani, mzee Bargellesi, ambaye mara iliyopita alitundika Hukumu ya Paris, yule kijana wa hadithi aliyeamua ni mungu yupi wa kike mzuri kuliko wote, picha ya kimo cha mlango wa kanisa. Miaka kumi sasa Galvano hajaisahau.

"Barazani," alisema polepole. "Mbele ya huyo panya." Macho yakamng'aa. "Haya, mvishe. Lakini nguo ichanike begani."

Alipoondoka, Menga alitoka jikoni na ndoo ya siki, akaanza kuisugua meza pale lile shati lilipokuwa. Menga alikuwa akisaga rangi katika karakana ile tangu enzi za baba yake Ortensia, na mdomo wake haukuwa na hatamu.

"Hivi wewe, Bi Ortensia, hukuona mtu mwingine wa kumchora mjini humu ila lile pipa la samaki?"

"Nikikataa mimi, atakwenda kwa mwingine. Na huyo mwingine atamvua nguo yule binti."

"Mm," alisema Menga. "Kwa hiyo unamsaidia."

"Namsaidia."

"Mm."

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote. Tangu baba yake afe, Ortensia alikuwa akiletewa kazi za Mama Bikira, vitoto, kola za lesi na vijibwa vya mapajani. Hakuna aliyempa mwanamke gari la farasi wanne weusi na ardhi iliyopasuka. Aliitaka picha ile. Aliitaka hata akiwa ameziba pua.

Violante alianza kuja na mama yake baada ya Pasaka. Bi Laudomia aliketi karibu na dirisha, akazungumza juu ya vitambaa bila kupumua, na kila dakika akamwambia bintiye akae wima. Violante alikaa wima. Alikuwa mrefu, mwenye nyusi nzito na uso mtulivu, na ilimchukua Ortensia muda kugundua kuwa ana mzaha.

"Alikuwa akichuma maua gani, huyu Proserpina?" aliuliza siku moja.

"Ya kondeni tu. Meupe."

"Kosa lake hilo. Mimi ningekuwa nachimba viazi. Ningekuwa na jembe mkononi."

Menga aliangua kicheko hadi rangi ikamwagika. Bi Laudomia hakucheka. Aliposimama kwenda kuangalia hariri aliyoletewa na mchuuzi mlangoni, Violante alishusha sauti.

"Mama anasema nitamzoea. Bi Menga, wewe wako ulimzoea?"

"Marehemu wangu alinuka vitunguu tu, mwanangu. Hivyo vinazoeleka."

"Huyu ananipa mkono niubusu," alisema Violante, "kisha anaufutia kwenye gauni langu. Kama taulo." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda.

"Mwambie mama yako kabla ya pete," alisema Ortensia. "Ukishavaa pete hakuna njia."

"Nimesema hadi ulimi umenikauka. Nikisema hivi, kichwa kinamuuma. Nikisema vile, analala siku mbili na kitambaa cha siki kwenye paji la uso. Anasema ni huyu au utawa, nichague. Nimwambie vipi tena, fundi? Nimwambie kwa lugha gani?"

 Ortensia aliendelea kuchora ile shingo, na tangu siku hiyo akawa anamngoja binti yule kwa hamu. Alimnunulia mkate wa mafuta na vipande vya soseji ya mortadela, na Violante akala vyote kwa vidole, mama yake alipogeuza kisogo.

Lakini Galvano alipokuja kukagua michoro, alikunja uso.

"Huyu ananunua kabichi sokoni," alisema. "Mbona haogopi? Anaporwa na mungu wa kuzimu! Nataka aogope."

"Hofu nitaitia mwenyewe kwenye turubai, bwana."

"Utaitoa wapi?"

"Ni kazi yangu."

"Hofu ya kubuni," alisema, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeuziwa divai iliyotiwa maji. Akaenda zake, na Ortensia akadhani yamekwisha.

Wiki iliyofuata Violante aliketi mahali pake kama kawaida. Bi Laudomia siku hiyo hakukaa dirishani. Alisimama karibu na mlango, mikono ameikutanisha, na usoni alikuwa na kijicheko cha mtu anayeficha zawadi. Ortensia alikiona, hakukielewa. Alinoa chaki nyekundu, akaweka karatasi mpya, akamwomba Violante ageuze bega kidogo, ndiyo, hapo hapo.

Galvano alitoka nyuma ya turubai. Alikuwa ameingizwa kwa mlango wa uani mapema, akajibanza pale gizani na tumbo lake lote. Alimrukia binti kwa nyuma, mkono mmoja ukamzunguka kiunoni, mwingine ukambana mkono wake juu ya kiwiko, akamnyanyua kutoka kwenye kiti. Violante alipiga ukelele ambao Ortensia hakuwahi kuusikia kwa mtu, mkali na mfupi, kisha hakuwa na pumzi ya kupiga mwingine. Kiti kilianguka. Mbwa akabweka. Galvano alikuwa akicheka na kuhema, kidevu chake kimelala kwenye shingo ya yule binti, na mate yake yaliilowesha kola.

"Sasa!" alipaza sauti. "Chora sasa, fundi! Hofu hiyo! Chora!"

"Mchezo tu, mwanangu," alisema Bi Laudomia kutoka mlangoni. "Mchezo tu, usipige kelele."

Na Ortensia alichora.

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kabla hajafikiri. Mstari wa bega, shingo iliyopinda, kinywa wazi kisicho na sauti, macho. Chaki ilikwenda yenyewe, haikukosea hata mahali pamoja, na yeye alikuwa baridi ndani, baridi na macho makavu, akiona kila kitu kwa usafi wa ajabu.

Aliyefanya kitu ni Menga. Alitoka jikoni na ndoo ya kuoshea brashi, iliyojaa maji meusi ya wiki nzima, akammwagia Galvano yote kichwani. Galvano alimwachia binti ili ajifute macho. Alikuwa bado anacheka. Maji machafu yalimchuruzika kwenye kitambi, na mbwa akaja kuyalamba.

"Mchawi wewe!" alimwambia Menga, bila hasira kabisa. "Lakini imepatikana? Fundi, umeipata?"

Violante alikuwa sakafuni. Alikuwa ameushika mkono wake, na kwenye ngozi zilibaki alama nyekundu za vidole. Hakumtazama mama yake. Menga alimfunika kwa shali yake mwenyewe, akamnyanyua, na mama mtu akawa anasema kwa haraka kuwa wanaume ni watoto, kuwa baba yake Violante naye alikuwa na mizaha yake, kuwa hata hivyo ni mtu na mchumba wake.

Walipoondoka wote, Ortensia aliitazama karatasi. Alijua papo hapo. Katika maisha yake yote hakuwahi kuchora kitu kizuri kama kile, wala baba yake hakuwahi. Akatoka uani, akashika ukuta, akatapika mpaka kukatoka nyongo tupu. Kisha akanawa uso, akarudi ndani, akaanza kuuhamisha mchoro ule kwenye turubai.

Alijipa sababu, na kwa siku nyingi aliikumbatia. Nitamchora alivyo, alijiambia. Alitaka Pluto, nitampa Pluto, na kila atakayemwona atajua ni nini kinachomngoja yule binti. Basi alimchora Galvano bila huruma. Alitia yale meno. Alitia masikio yaliyoiva zambarau, mikunjo ya mafuta kwenye shingo, na mate kwenye pembe ya mdomo. Kwenye mguu wa mungu wa kuzimu alifunga bandeji iliyolowa, na kati ya kwato za farasi akaweka kijibwa cheupe chenye ulimi nje. Alipokuwa akichanganya rangi ya ile bandeji, njano kidogo na kijani kidogo, aligeuza uso pembeni kana kwamba inanuka. Hakupunguza.

Menga alisaga rangi kimya. Siku nyingi alisema "ndiyo" na "hapana" tu, jambo ambalo karakana ile haikuwa imewahi kulisikia.

"Unaimaliza?" aliuliza mwishowe.

"Naimaliza."

"Ili iweje?"

"Ili watu waone."

"Mm," alisema Menga, akarudi kwenye jiwe lake la kusagia.

Siku ya kumwonyesha mwenye picha, Ortensia alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa hata ameficha visu vya rangi, kwa kuwa alidhani bwana atataka kuichana turubai. Galvano alisimama mbele ya picha ile muda mrefu. Halafu midomo yake ilianza kutetemeka, na machozi, machozi ya kweli, yakamtiririka mashavuni.

"Ndiye mimi," alisema. "Mungu wangu. Tazama mkono huo. Huo ni mkono wa mwanamume!" Akaigusa bandeji iliyochorwa kwa ncha ya kidole. "Na jeraha langu! Umenifanya askari. Na Fiorino wangu, jamani, Fiorino!" Akamnyanyua mbwa ajione.

Ortensia alihisi karaha ya aina mpya, nzito kuliko ya kidonda na ya meno. Alikuwa amemwaga uchafu wote wa mtu huyu hadharani, na mtu huyu alikuwa akiunywa kama asali. Galvano alimshika mkono, akaubusu, na Ortensia aliuweka ule mkono nyuma yake mpaka alipopata maji.

Sikukuu ilifika na jua kali. Njia yote ya maandamano ilikuwa imetandikwa majani, na baraza zilivikwa hariri nyekundu kutoka mwanzo wa mtaa hadi kanisani. Picha ya Galvano ilining'inia kwenye tao la katikati la nyumba yake, imefunika mlango, na mbele yake umati ulikuwa umesongamana tangu asubuhi. Hukumu ya Paris ya mzee Bargellesi, ng'ambo ya pili, haikuwa na mtazamaji ila Bargellesi mwenyewe. Ortensia alisimama na Menga karibu na nguzo, amejifunika shela ili asitambuliwe, akisubiri watu wachukizwe.

Hawakuchukizwa. Mabwana wenye vitambaa puani walikuja mmoja mmoja, wakasogea, wakarudi nyuma, wakainamisha vichwa.

"Nyama hiyo!" alisema mmoja. "Tazama vidole vinavyozama kwenye nyama. Utadhani ni mkate mbichi."

"Na macho," alisema mwenzake. "Kokote ukisimama yanakutazama. Kama anakuomba kitu."

"Ningependa aniombe mimi." Wakacheka, wakajipepea.

Ortensia alikuwa na uchungu mdomoni kama aliyetafuna ganda la chungwa. Galvano alisimama chini ya tao lake akipokea pongezi, amevaa mahameri kwenye joto lile, jasho likimtoka na zabadi ikichemka, na kila aliyempa mkono alimwambia, "Mchumba wangu huyo. Ni yeye mwenyewe. Na hofu ni yake, haikubuniwa!"

Kengele zililia. Ekaristi ilipita chini ya mwavuli wa dhahabu, watu wakapiga magoti, wakasimama, na nyuma yake wakaja wanawake wa parokia wawili wawili, mishumaa mikononi. Kina mama wachuuzi hawaandamani. Wao husimama pembeni na kusema. Mkubwa wao siku ile alikuwa Tuda, muuza matumbo ya ng'ombe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja mitaa mitatu. Alikuwa ametia mikono kiunoni akiitazama picha kwa uso uliokunjamana.

"Ah," alisema. "Ah, ah, ah. Nauza matumbo miaka yote, sijawahi kuona kitu kinanuka hivi. Huyu dume ni nani?"

"Mungu wa kuzimu," alisema Menga.

"Mungu wa choo! Na huyu mtoto wa watu hana mama?"

"Anaye. Mama yake aliposikia aliwasha mwenge, akazunguka dunia nzima akimtafuta. Hakula, hakuoga. Mpaka wakubwa wa mbinguni wakaona haya."

Hapo ndipo Bi Laudomia alipofika mbele ya tao. Alikuwa amevaa vizuri kuliko wote, ameinua mshumaa mrefu wa nta nyeupe, na kando yake alikuwa Violante, na mshumaa wake, na uso wake. Watu walitazama picha, wakamtazama binti, wakaitazama picha tena. Mkono wa gauni lake ulikuwa mfupi kwa ajili ya joto, na juu ya kiwiko zilikuwapo zile alama, sasa zimekuwa za manjano, mahali pale pale zilipokuwa kwenye turubai.

Mnong'ono ulipita umatini, kisha ukafa. Katika kimya hicho Tuda hakuhitaji hata kupaza sauti.

"Basi mama huyu wetu naye mwenge anao," alisema. "Ila hamtafuti mtu. Anamsindikiza."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wauza mboga. Kikashika kwa wafua nguo, kikapanda madirishani, na neno likatangulia mbele ya maandamano, kutoka baraza hadi baraza, hata Bi Laudomia alipofika mwisho wa mtaa alilikuta limemsubiri. "Mpeleke, mama, kuzimu ni mkono wa kushoto!" "Bi mkubwa, angalia ngazi, huko chini ni giza!" "Mmulikie bwana harusi, asije akajikwaa kidonda!" Hakuweza kukimbia, maana Ekaristi iko mbele. Hakuweza kuuzima mshumaa, maana ni dhambi. Alitembea njia nzima ile akiwa ameubeba, uso umemwiva, nta ikimwagikia vidole vyake.

Uchumba ulivunjwa kabla majani ya njiani hayajafagiliwa. Si kwamba mama alimwonea binti huruma, tusidanganyane. Aliona haya kwa muuza matumbo. Galvano alipopewa habari alishangaa kweli. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza ni nini kibaya kwenye picha ile, na mabwana wakamwambia hakuna, hakuna kabisa, ni picha bora kuliko zote mjini, wivu wa maskini tu. Wawili kati yao walikuja karakanani juma lile lile. Mmoja alitaka Proserpina wake. Mwingine hakujali ni nani anayeporwa, mradi awe na macho yale.

Ortensia hakuwajibu. Aliwaambia warudi baadaye. Lakini usiseme hakufurahi. Siku zile alitembea kifua mbele, na akamwambia Menga zaidi ya mara moja kuwa picha imefanya kazi ambayo maneno yalishindwa. Menga alisema "Mm".

Violante alikuja kuaga, peke yake, akiwa na mfuko wa safari. Alikuwa akienda Budrio kwa shangazi yake, anayefuga nyuki na hataki kusikia habari za wanaume. Alimkumbatia Menga kwa muda mrefu. Ortensia alikuwa amemwekea zawadi. Ule mchoro wa chaki nyekundu, wa kwanza, alikuwa ameubandika juu ya karatasi nzito na kuufunga utepe.

"Ni wako," alimwambia. "Uwe nao. Au uuchome, ukitaka. Huu ndio uliokutoa mikononi mwake."

Violante alifungua utepe, akaenda dirishani penye mwanga. Aliutazama polepole, kwa makini, kama alivyofanya kila kitu.

"Watu wanasema macho haya yanamtazama kila apitaye," alisema.

"Ndivyo wasemavyo."

"Hayamtazami kila apitaye. Yule bwana alikuwa nyuma yangu, sikumwona. Mama alikuwa mlangoni, nilishajua hatasogea." Hakuwa na hasira sautini. "Nilikuwa nakutazama wewe, fundi."

 Macho ya Violante yalikuwa yameshuka kwenye mkono uliochorwa, mkono wa Galvano uliombana, na sasa alikuwa akivipitia vidole kwa kidole chake mwenyewe.

"Hiki umekimaliza," alisema. "Na hiki. Na hiki nacho. Hapa umechora hata ukucha, na pembeni ya ukucha umetia kivuli."

"Violante, mwanangu, sikiliza..."

"Mimi sijui kazi yenu. Nauliza tu. Ukucha mmoja unachukua muda gani?"

Jikoni, Menga aliacha kusaga. Ortensia alilijua jibu. Mtu yeyote aliyewahi kushika chaki angelijua. Mkono wake wa kulia, ule uliokuwa ukisifiwa mji mzima, akauona umelala mezani na akatamani uwe wa mtu mwingine.

Violante alingoja kwa adabu, kama alivyofundishwa na masista. Kisha akaiweka karatasi mezani, akachukua mfuko wake, akaenda zake.